Pierrot aliyeamriwa kutulia

Katika picha za mwanzo za wasanii wa jukwaani huko Paris, ninayoirudia zaidi ni ile ya Charles Deburau, mwigizaji wa maigizo yasiyo na maneno, aliyopigwa na Adrien Tournachon mnamo 1854 au 1855. Amevaa vazi jeupe pana la Pierrot, mhusika wa kuchekesha wa maigizo hayo, uso umepakwa rangi nyeupe, naye amesimama kando ya kamera yenye miguu mitatu. Mkono mmoja unaonyesha lenzi na mwingine uko kwenye kasha linaloshika kioo cha kunasia picha, utadhani yeye ndiye anayetupiga picha sisi.

Vioo hivyo vya siku hizo vilipakwa kolodioni, kimiminika cha kunata, na kutumiwa vikiwa bado vibichi, na vilihitaji sekunde kadhaa za mwanga. Kwa hiyo mtu ambaye riziki yake ilitokana na kuchezesha viungo alilazimika kuushikilia mshangao, maumivu au kicheko usoni mpaka kifuniko cha lenzi kirudishwe. Sisi tuliowahi kuambiwa "Usitikisike!" studioni, tukatoka tumekodoa macho, tunajua ugumu wake. Deburau hakukodoa.

Picha hiyo ni moja ya mfululizo wa picha za Deburau akiwa Pierrot. Mfululizo huo ulipata medali katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1855, kisha ukafuata ugomvi wa nyumbani: Adrien alikuwa akitumia jina la kisanii la Nadar, ambalo kaka yake Félix, naye mpiga picha, alilihesabu kuwa lake, wakafikishana mahakamani, na mwaka 1857 Félix akashinda.

Félix mwenyewe alikuwa na njia yake. Mwigizaji Sarah Bernhardt alipofika kwake mnamo 1864, akiwa na miaka 20 hivi na umaarufu wake ukiwa bado mbele, hakumvika vazi la mhusika yeyote, bali alimzungushia kitambaa kizito, mabega yakabaki wazi, akamwegemeza kwenye nguzo fupi na kuuacha mwanga umwangukie kutoka upande mmoja. Wakati huohuo studio ya mpiga picha Disdéri, aliyepata hataza ya picha za kadi mwaka 1854, ilikuwa ikitoa picha ndogo kadhaa kutoka kioo kimoja, na waigizaji wakauzwa kwa wingi kama kadi. Nyingi kati yake, kwa macho yangu, ni picha za nguo.

Kati ya ndugu hao wawili, wengi humpa Félix ushindi wa sanaa, na mbele ya Bernhardt siwezi kuwabishia. Hata hivyo namrudia Pierrot, kwa sababu chini ya rangi ile macho yake yanamtazama mtu aliye nyuma ya kamera ya pili, ile isiyoonekana, na mkono wake haujatetereka.