Siku ya kuhesabu viputo

Saa 11:30 alfajiri nipo kituoni Mbagala, nagombea daladala kama kila mtu. Mimi ni mwanafizikia wa tiba katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Nikisema hivyo watu hudhani natibu wagonjwa. Mgonjwa wangu ni mashine ya mionzi ya kutibu saratani.

Saa 1 asubuhi naipima kabla haijamgusa mtu. Leo imetoa dozi pungufu kwa asilimia 0.6. Hiyo inakubalika, naweka sahihi.

Saa 3 anaingia mzee wa tezi dume mwenye betri ya moyo, kile kifaa kinachosaidia moyo kupiga. Mpango wake ulikuja na eksirei za megavolti 15, zinazopenya zaidi, kwa sababu nyonga yake ni pana. Nimeomba ubadilishwe uwe wa 6.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Nasikia umeninyima ile kali?”

“Ile kali inazaa nyutroni, baba, na nyutroni zinaweza kuvuruga hiyo betri.”

Akafikiri kidogo. “Haya, ile kali mpeni asiye na betri.”

Tulicheka, ila ndipo penye tatizo, maana asiye na betri naye ana mwili. Eksirei zikizidi takriban megavolti 10, zinagonga metali nzito, tangsteni na risasi, zilizomo kwenye kichwa cha mashine na kuchomoa nyutroni kutoka kwenye viini vya atomu. Hakuna daktari aliyeziandika. Hazilengi uvimbe, zinamwagika mwili mzima. Na zile zenye nishati ya karibu megaelektronivolti 1 hukadiriwa kuwa na madhara hadi mara 20 ya eksirei kwa dozi ileile. Kiasi chenyewe ni kidogo ukilinganisha na tiba, lakini kidogo lazima kijulikane ni kiasi gani.

Saa 7, wali maharage.

Saa 11 jioni mgonjwa wa mwisho ameondoka, sasa zamu ni yangu. Natoa vichupa sita vyangavu, vinene kidogo kuliko kalamu, vilivyojaa jeli. Ndani ya jeli kuna matone madogo mno ya kimiminika ambacho kingeshachemka zamani, ila jeli imekibana. Nyutroni ikigonga, tone linapasuka na kuwa kiputo unachokiona kwa macho. Kipimo cha kielektroniki hapa hubabaika, kwa sababu mashine hutema mionzi kwa mapigo ya mikrosekunde chache na kipimo hakiwahi kuhesabu.

Viwili naviweka kitandani, mbali na mwale, viwili kwenye kona ya njia ya kuingilia, viwili mlangoni. Tunapiga dozi ndogo tu. Ukizidisha, viputo vinarundikana huvihesabu tena.

“Kaka, tuingie?” anauliza dada wa zamu.

“Subiri dakika chache, alumini ipoe.” Nyutroni huifanya alumini iwe na mionzi, na nusu yake huisha kila dakika 2 na ushee.

Kitandani, 43 na 39. Nafunga mataya ya tangsteni yanayokata mwale, tunapiga tena: eksirei zimezibwa, viputo karibu ni vilevile. Bado hunishangaza. Nyutroni ikigonga kiini kizito inadunda tu kama gololi ukutani; ikikutana na hidrojeni, yaani gololi mwenzake, inamwachia mwendo. Ndiyo maana mlango wetu una plastiki, iliyojaa hidrojeni, yenye boroni ya kunasa nyutroni zilizopungua mwendo, pamoja na risasi.

Mlangoni, 0 na 1.

Mwezi uliopita mlangoni nilipata 27. Nilikosa usingizi hadi nilipokumbuka kwamba vichupa nilikuwa nimeviacha dirishani, juani. Joto nalo hupasua matone. Tangu siku hiyo naandika nyuzi joto kabla ya kitu chochote.

Saa 1 usiku nakaza kifuniko cha kila kichupa. Mgandamizo unapanda, viputo vinasinyaa, jeli inarudi kuwa angavu kama maji.