Rumada za bronzi: usukani umeshaning'inia

Kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, imekwisha, mashua bado imeegemea magogo yake ufukweni Mikindani, Mtwara, na kazi yote iliyofuata imekuwa ya kitu kimoja: rumada, yaani bawaba zinazoushika usukani kwenye fashini, ule mti wa nyuma ya chombo. Nimeamua ziwe za bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Nimeulizwa sana kwa nini sikwenda kwa mhunzi nikachukua za chuma kwa bei poa.

Jibu lipo kwenye chombo chochote kilichopandishwa hapa pwani. Chuma kikishika kutu kinavimba na kupasua mbao, mti unaokizunguka unageuka mweusi na kulainika, pini inakonda, tundu linapanuka, halafu usukani unaanza kugonga. Nahodha anaukaza kwa kamba, safari inaendelea. Kwa mashua ya mizigo kamba inatosha kabisa, sina ugomvi na mtu. Yangu ni ya kuzunguka ghuba na kuvua kidogo, na nataka kana, mpini wa usukani, itulie mkononi kusi ikivuma.

Lakini sitaki bronzi kila mahali. Zile mashua za Ulaya zinazopigwa picha zikimeremeta toka omo hadi tezi ni nzuri kutazama, ila tanga letu la foromali, lile linaloning'inia kwenye mti mrefu wa mshazari, haliombi vikorokoro hivyo. Kwangu bronzi ni ya vitu vinavyosuguana au vinavyokaa majini: rumada, kisha pini na gurudumu la gofia ya henza, yaani kapi la kamba ya kupandishia tanga. Basi.

Mvua zimekatika: kutafuta madini

Mimi ni fundi umeme, kwa hiyo shaba nyekundu haikunisumbua. Nilinunua baa nene za shaba zilizotolewa kwenye bodi ya zamani ya kiwanda cha korosho, na risiti ninayo. Shaba isiyo na risiti siigusi. Mara nyingi ni waya wa mtu au mita ya maji ya jirani. Tena chukueni sumaku mkienda kwa wauza vyuma chakavu. Fimbo nyingi za ethi, zile zinazofukiwa ardhini kwa usalama wa umeme, ni chuma kilichovikwa shaba juu tu, na muuzaji atakuapia kwa mama yake.

Bati, madini yenyewe na si bati la kuezekea, ndilo ghali. Linachimbwa humu humu nchini, Kyerwa mkoani Kagera, lakini kutoka huko hadi Mtwara ni kukata nchi nzima pembe kwa pembe. Nilichotumia ni waya wa kulehemu usio na risasi: asilimia 99.3 ni bati, 0.7 ni shaba. Kwa kilo tisa za shaba unatia kilo moja ya bati, na hiyo ndiyo bronzi ya kawaida ya vyombo.

Watu wema waliniletea koki za maji na propela iliyovunjika, wakisema "shaba ni shaba". Nilizirudisha. Koki nyingi ni shaba ya njano, shaba iliyochanganywa na zinki, na maji ya chumvi huinyonya zinki taratibu. Kifaa kinabaki na umbo lake, rangi inageuka ya waridi, kisha siku moja kinakatika kama biskuti. Propela nayo ina jina la udanganyifu. Ile inayoitwa bronzi ya manganizi ina shaba asilimia 58 hivi na zinki karibu 40, kwa hiyo ni shaba ya njano iliyovaa jina la mwenzake.

Ukitaka kuhakikisha, mzani wa jikoni na ndoo ya maji vinatosha. Pima kipande kikavu, kisha kipime kikiwa kimening'inizwa ndani ya maji bila kugusa ndoo. Cha bronzi chenye gramu 880 kitapungua gramu 100 hivi. Cha shaba ya njano chenye uzito huohuo kitapungua kama gramu 104. Tofauti ni ndogo, ila mzani wa dijitali unaiona.

Kusi imeshika: mchongaji, mchanga na moto

Ili usubu, yaani umimine madini yaliyoyeyuka kwenye umbo la mchanga, unahitaji mfano wa mbao wa kukandamiza umbo hilo, na hapa Mtwara ni aibu kuhangaika kwa jambo la kuchonga. Nilimpelekea mchongaji wa Kimakonde mchoro wenye vipimo. Akaugeuza huku na huku.

"Kaka, sura yake iko wapi?"

"Haina sura. Ni bawaba."

Alicheka, lakini kazi aliyotoa sijaiona kwa seremala yeyote. Nilimwomba mambo mawili. Kwanza aongeze ukubwa, maana bronzi hunywea karibu asilimia 1.5 ikipoa, penye milimita 200 weka 203. Pili kila ubavu uwe na mteremko kidogo, ili mfano utoke mchangani bila kubomoa kuta.

Mchanga ni wa kawaida, laini, uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi na maji kidogo sana. Ukiufumbata mkononi ushikamane, ukiuvunja ukatike safi. Ukizidisha maji umejitafutia mvuke, na mvuke chini ya shaba iliyoyeyuka hurusha moto usoni. Kwa sababu hiyohiyo hatukumimina juu ya sakafu ya saruji, maana saruji nayo inaficha maji. Tulifanyia kwenye mchanga mkavu nyuma ya nyumba, miguuni viatu vya ngozi. Kandambili ziliachwa mlangoni.

Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, bati kwenye 232 tu. Kwa hiyo shaba hutangulia, mkaa na feni vikifanya kazi yake, na bati huingia mwishoni ili lisiungue bure. Unakoroga, unaondoa takataka za juu, unamimina kwa mkono usiosita. Moshi mweupe ukiona unafuka, ujue kuna zinki iliyojipenyeza. Kaa upande upepo unakotoka, kwani moshi huo huleta homa usiku.

Rumada zilitoka na ngozi ya mchanga, rangi ya kahawia iliyoiva. Tupa na msasa vimefuata. Sizing'arishi. Bahari itazipaka kijani chake, na kijani hicho kinalinda madini yaliyo chini.

Kufunga: hapa ndipo nilipochelewa

Mbao za mashua yangu zimeshikwa na misumari ya chuma yenye koti la zinki, kama vyombo vyote hapa. Bronzi na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi tayari una betri, na kinacholiwa ni chuma. Waingereza walijifunza kwa gharama. Mwaka 1761 waliivika manowari yao Alarm mabati ya shaba chini ili kuzuia minyoo itoboayo mbao. Ilipokaguliwa baadaye, misumari ya chuma iliyogusa shaba ilikuwa imelika vibaya, ila pale ilipobaki karatasi ya kufungia mabati misumari ilikuwa mizima.

Kwa hiyo nimeng'oa misumari yote ya chuma iliyokuwa karibu na rumada kwenye fashini na kuweka vigingi vya mti mgumu. Rumada zenyewe zimefungwa kwa boliti za shaba nyekundu zilizopita upande wa pili na kufuliwa kichwa juu ya kibati cha shaba. Chini ya kila rumada nilipanga kuweka kitambaa cha lami. Mzee fundi aliyejenga mashua alitazama, akasema, "Mwanangu, weka pamba na sifa, ndivyo tunavyofanya." Sifa ni mafuta ya papa. Nimeweka pamba na sifa. Inazuia maji vilevile, na harufu yake nimeshaizoea.

Kuna aliyeshauri nifunge kipande kikubwa cha zinki kulinda bronzi. Nimekataa. Bronzi peke yake haihitaji ulinzi huo, na zinki ikizidi kwenye chombo cha mbao hutengeneza magadi pale bronzi inapogusa mti, nayo magadi hulainisha mbao mpaka boliti zinacheza. Kwenye boti ya chuma ningesema mengine.

Kitu kimoja cha kuiga: pini ya chini ni ndefu kuliko ya juu kwa upana wa vidole viwili. Ukiwa majini unaingiza ya chini kwanza, usukani unatulia, ndipo unatafuta tundu la juu. Zikiwa sawa utahangaika na matundu yote mawili huku wimbi likikusukuma.

Usukani umeshaning'inia, unageuka kwa kidole na haugongi. Kilichobaki ni gofia ya henza. Mchongaji ameshachukua kipimo cha gurudumu, na safari hii ameuliza kama anaweza kuweka hata ua moja katikati. Nimemkubalia, mradi asiguse mfereji wa kamba.