Kikohozi cha Maida Vale

Ami yangu alipiga fidla kwenye taarab ya Unguja tangu ujana wake, na alipowafuata watoto wake London alikwenda nayo, ingawa vidole vilishaanza kukakamaa. Siku moja ya baridi nilipata tiketi mbili za bure: okestra ya simfoni ya BBC ilikuwa inarekodi kipindi cha redio kwenye studio zao za Maida Vale.

"Ami, twende tukawasikilize wazungu."

"Wanajua fidla hao?" Akacheka. Lakini alivaa kofia yake ya viua, ile ya Idi.

Jengo lenyewe hulidhanii. Jeupe, refu, limejilaza chini katikati ya nyumba za watu. Kwenye foleni mzee mmoja wa Kiingereza alitusimulia kwamba lilijengwa 1909 watu wateleze kwa viatu vya magurudumu, na BBC wakalichukua 1934. Okestra yenyewe ilikuwa na miaka 4 tu wakati huo, chini ya Adrian Boult. Vita vilipoanza wakahamishiwa Bristol, kisha Bedford. Nilipomfasiria Ami, aliguna: "Kumbe na wapiga fidla hukimbia mabomu."

Ndani, wapiga fidla peke yao walikuwa wengi kuliko kikundi chetu kizima na waimbaji wake. Zumari moja ikatoa sauti, wote wakalinganisha nyuzi. Ami akaninong'oneza kwamba kwao kazi hiyo ni ya kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab. Akaingia kondakta (si wa daladala, wa kuongoza okestra), tukaonywa kuhusu simu na kukohoa, taa nyekundu ikawaka.

Hapo ndipo nilipopata tabu. Kwetu wimbo ukikukolea unainuka, unakwenda kumtunza mwimbaji, huku unajitikisa. Hapa ukikukolea unabana pumzi. Msikilizaji wanayempigia yuko kwake, mbele ya redio. Sisi tuliokaa pale ni wageni tu.

Walipiga simfoni ya 2 ya Sibelius, mtunzi wa Finland. Sehemu ya pili inaanza kwa ngoma kuvuma polepole, kisha mabesi na macello, zile fidla kubwa za sauti nzito, yanadonolewa kwa vidole, bila upinde, kama mtu anayetembea gizani. Ami akanishika goti. Besi ya kudonoa anaijua. Miaka mingi alikaa karibu nayo jukwaani. Na palepale koo likaniwasha. Nikameza mate, nikauma shali. Wapi! Kikatoka kikohozi cha mbuzi.

Hakuna aliyegeuka, na hilo ndilo lililoniaibisha zaidi. Simfoni ilipokwisha na makofi kunyamaza, tuliombwa tukae kidogo: kuna kurasa wangezirudia. Ya kwanza ilikuwa ile ya besi. Nikainamisha kichwa. Ami alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

Kipindi kilipotangazwa tulikuwa sebuleni kwake. Ngoma ikavuma, vidole vikaanza kutembea, safi kabisa. Ami akaniangalia, akaweka ngumi mdomoni, akanikoholea.

"Hapa ulikuwepo wewe," akasema, akaongeza sauti ya redio.