Herufi E ya Ami

Ilikuwa Mei 2018, zimebaki siku chache Ramadhani iandame, na mvua ya kusi inashuka na kukatika. Ami alinipigia simu baada ya swala ya alfajiri. "Ndoo, mwanangu. Kompyuta imenilia kanda zangu."

Kanda hizo ni darsa na maulidi alizorekodi tangu enzi za kaseti. Alizihamisha mwenyewe, moja moja, kwenye diski ya nje ya TB 1, zikafika GB 212. Nakala ya pili hakuwa nayo. Kaseti zenyewe nyingi zilishaingia ukungu, na kila Ramadhani watu wa Mkomani na Langoni, mitaa ya hapa Lamu, humjia na flashi zao awajazie.

Usiku wake laptopu yake ya Windows 10 ilikuwa imejisasisha, toleo la 1803, lile lililotoka tarehe 30 Aprili mwaka huo. Asubuhi alipochomeka diski, herufi E ilikuwepo kama siku zote, lakini ndani hamna kitu. Mstari wake ulikuwa mwekundu, na kila baada ya muda kidirisha kilichomoza kusema nafasi kwenye E imekwisha.

Nilipofika darini swali langu la kwanza lilikuwa, kuna aliyebonyeza chochote? Akasema kijana wa jirani alimshauri aifomati. "Nikamwambia diski si sufuria, ikoshwe ijazwe tena." Hapo nikapumua. Diski iliyopotea baada ya sasisho mara nyingi ina kila kitu ndani. Kinachoiua ni ile Sawa ya haraka kwenye kidirisha kinachoomba kufomati au kuanzisha diski upya.

Kabla ya kugusa laptopu yake niliweka diski kwenye sikio. Sahani zilizunguka kwa mvumo mmoja laini. Kama ningesikia tik-tik-tik na kunyamaza, ningeichomoa papo hapo, maana mlio huo ni wa kichwa cha kusomea kilichoshindwa, au wa umeme usiotosha kuzungusha mota, na kila jaribio la ziada lingezidi kuiumiza.

Kisha nikaichomeka kwenye laptopu yangu, kwa waya wake uleule. Ilipewa herufi F, ikafunguka, mafaili yote yapo. Nikacheza kanda moja ya maulidi. Baada ya dakika tatu hivi sauti ikakatika, taa ya diski ikazimika, ikawaka, F ikatoweka na kurudi.

Jaribio hilo la dakika tano lilinipa nusu ya jibu. Kwangu diski ilionekana, kwake haikuonekana: hilo lilikuwa la kompyuta yake. Lakini kukatika kuliifuata diski hadi kwangu, na laptopu yangu haikuwa imesasishwa. Maradhi yalikuwa mawili, na Ami alikuwa akiyahesabu moja.

Nilianza na herufi. Nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, nikachagua Disk Management, panapoonekana diski zote na vipande vyake. Diski ya Ami ilikuwepo chini, GB 931 (TB 1 ya kwenye kasha huhesabiwa kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, kwa hiyo hakuna kilichoibwa), hali yake Healthy, yaani nzima, ila haina herufi. E ilikuwa imekaliwa na kipande cha MB 450 kilichomo ndani ya diski ya laptopu yenyewe, kile cha kuokolea mfumo ukiharibika. Kipande hicho kwa kawaida hufichwa na hakipewi herufi. Toleo lile kwenye kompyuta kadhaa lilikipa, na kwa kuwa karibu kimejaa tangu kiwandani, ndiyo sababu ya kelele za nafasi imekwisha. Diski ya Ami ilipokuja, ikakuta kiti chake kina mtu.

Wengi hukwama hapa, kwa sababu ukibofya kipande hicho kwa kitufe cha kulia, menyu huleta Help peke yake. Herufi haiondoleki kwa njia hiyo. Nilifungua kidirisha cha amri kwa ruhusa ya msimamizi, nikaandika diskpart, programu ya Windows ya kupanga diski, kisha list volume, inayotaja vipande vyote. Katika orodha yake, kipande cha MB 450 kilikuwa namba 3 na diski ya kanda namba 5. Nikaandika:

select volume 3
remove letter=E
select volume 5
assign letter=E

Namba hizo ni za siku ile na laptopu ile. Hubadilika kila unapochomeka kitu kipya, kwa hiyo mimi hutazama ukubwa na jina, nasoma mara mbili, ndipo nabonyeza Enter. Ndani ya diskpart kuna amri iitwayo clean, ambayo hufuta mpangilio wote wa diski bila kukuuliza una hakika. Asiyetulia asiingie humo. Kwenye kidirisha cha amri atumie mountvol E: /d kuondoa herufi, kisha aipe diski yake herufi kwa Disk Management.

Ningeweza kuipa diski herufi nyingine yoyote na kumaliza haraka. Lakini orodha zote za kuchezea kanda alizopanga Ami kwa miaka zilielekezwa E, na kuzirekebisha kungechukua Ramadhani nzima.

Kanda zikatokea. Ami akasema alhamdulillahi, akataka kuanza kujaza flashi. Nikamwambia bado.

Nilichomoa waya nikautazama kwa tochi ya simu. Kichwa cha upande wa diski, kile kipana chenye sehemu mbili, kina pini 5 za zamani upande mkubwa na pini 5 za kasi ya USB 3.0 upande mdogo. Upande mdogo ulikuwa na rangi ya kijani. Nikamuuliza diski hukaa wapi. Akaonyesha kidaka ukutani. Zidaka za nyumba zetu ni pambo zuri, lakini ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa bahari, na wakati wa kusi unaweza kuulamba ukaonja chumvi. Shaba ikikaa hapo, huota kutu.

Pini za kasi zikishindwa, diski huteremka kuwa ya USB 2.0. Kasi hushuka hadi kama MB 35 kwa sekunde, na kiwango cha umeme ambacho tundu linaahidi hushuka pia, kutoka miliampea 900 hadi 500. Diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka huweza kutaka zaidi ya hizo 500. Ikikosa, huzimika na kuwaka tena. Ami akakiri kwamba tangu kaskazi alikuwa akiutikisa waya hadi "ushike". Sasisho lilikuja mwisho, likabeba lawama zote.

Tundu la diski nililisugua kwa mswaki laini uliochovywa kwenye spiriti ya asilimia 99, nikaliacha nusu saa likauke. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi mno kwa kazi hii. Waya sikuuosha, nilitoa mpya mkobani, wa sentimita 45. Waya mrefu mwembamba hupoteza umeme njiani, na diski isiyo na adapta yake ya ukutani haina umeme wa kupoteza. Nikaichomeka kwenye tundu la bluu, lile la USB 3.0, moja kwa moja bila kigawanyio.

Kwenye Power Options nilizima USB selective suspend, inayolaza matundu ya USB ili kuokoa umeme, ya betri na ya chaja, maana mipangilio ya kuokoa umeme huweza kurudi ya kiwandani baada ya sasisho kubwa. Nikazima na Fast Startup. Ikiwa imewashwa, kuzima kompyuta si kuzima kweli: kiini cha mfumo hulala na kuamka na kumbukumbu ya jana, pamoja na matundu yaliyokwama.

Ami alitaka nikague makosa ya diski hapohapo. Nilikataa. chkdsk yenye /f huandika juu ya diski, na diski ambayo haijanakiliwa haiandikwi. Nilichomeka diski yangu ya GB 500, ikawa F, nikaita robocopy, programu ya Windows ya kunakili:

robocopy E:\ F:\Kanda /E /R:1 /W:1

Hizo mbili za mwisho zina maana. Usipoziweka, robocopy ikikuta faili bovu hujaribu tena mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. GB 212 zilihama kwa dakika arubaini na kitu. Kwa waya wa zamani ingekuwa saa moja na dakika arubaini, kama ingefika. Stima ilipotea mara moja katikati. Betri ikabeba, na diski haikulala.

Baada ya nakala ndipo nilipoendesha chkdsk E: /f, ikarekebisha vitu vidogo viwili vya orodha ya mafaili. CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, ikaonyesha sekta mbovu zilizohamishwa sifuri na zinazoshukiwa, zikisubiri kuhamishwa, sifuri. Diski ilikuwa nzima.

Ilitoka kidakani, ikaingia kwenye mkebe wa biskuti wenye kifuniko cha kukaza, pamoja na vijifuko vya kukausha unyevu vinavyotoka kwenye makasha ya viatu. Ami alipendekeza mchele. Mchele una vumbi, na vumbi huingia tundulini.

Waya wa zamani niliukata kwa mkasi mbele yake, maana ningeuacha mzima ungerudi kazini kabla ya Idi. Alinitazama kama niliyemchinjia kuku wa mayai. "Ungeuwata," akasema, akaokota kile kipande kirefu, akaenda kufungia dirisha lililokuwa likigonga kwa upepo.