Kabla ya barua ya kuacha kazi, pigia hesabu mboji

Anayetaka kutoka ofisini aingie kwenye kilimo hai huanza kwa kuuliza mtaji. Mimi ningeanza na mboji, yaani mbolea ya majani na samadi vilivyorundikwa vikaoza: utaitoa wapi, na kiasi gani? Tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 10, likitandazwa mboji ya unene wa sentimita 2.5, hula lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20. Lundo lenye mita moja kila upande likiiva hubaki karibu nusu, kwa hiyo halitoshi hata matuta mawili. Ukiwa na matuta 30, utahitaji mita za ujazo 18 hivi za majani na samadi kwa kutandaza mara moja tu. Nadhani hesabu hii ingeokoa ndoto nyingi kama ingefanywa mapema.

Lundo lenyewe halina siri. Chini weka mabua makavu ili hewa ipite, kisha panga tabaka: makavu mara mbili au tatu ya mabichi kwa ujazo. Kamua konzi moja mkononi. Yakidondoka matone mawili matatu, maji yanatosha. Ndani ya siku chache joto lifike nyuzi 55 hadi 65. Likikaribia 70, geuza, maana vijidudu vinavyoozesha vinaanza kufa. Harufu kali ya mkojo inasema mabichi yamezidi. Ya yai bovu inasema maji yamezidi na hewa hakuna. Lisipopata joto kabisa, mara nyingi ni kavu mno au dogo mno.

Kwa kuwa malighafi ya shambani haitoshi, utanunua samadi, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Zipo dawa za kuua magugu ya malisho, kama aminopiralidi, ambazo ng'ombe hula na nyasi na kuzitoa zikiwa hai kwenye kinyesi. Mboji iliyoiva vizuri bado inaweza kuwa nazo. Nyanya na maharage huumia kwa kiasi kidogo sana, na tuta lililopata samadi hiyo linaweza kukaa misimu kadhaa bila kufaa kwa mazao hayo.

Ipime kabla ya kupakua lori zima. Changanya samadi iliyooza na udongo safi, nusu kwa nusu, ujaze vyungu vitatu; vitatu vingine viwe vya udongo safi peke yake. Panda maharage kwenye vyote, ungoje wiki tatu. Majani machanga yakijikunja kama kikombe na ncha kupinda kwenye vyungu vya samadi tu, irudishe.

Mshahara nao usiuache haraka. Kanuni za Marekani zinataka ardhi ikae miaka 3 bila dawa zilizokatazwa kabla ya mavuno kuitwa ya kilimo hai. Za Umoja wa Ulaya, miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu. Kipindi hicho una kazi yote ila huwezi kuuza kwa bei ya kilimo hai. Kitumie kupanda mimea ya kurutubisha udongo, kama marejea au kunde: kata zikianza kuchanua, kabla shina halijawa gumu, mizizi ibaki ardhini na majani yalale juu. Mbegu ndogo kama za karoti zisubiri wiki tatu hivi, kwa kuwa majani yanayooza huzizuia kuota.