Alama nazo huandikika

Walimu wenzangu walipoona viduara na mishale ubaoni, mmoja aliuliza: “Kiswahili chenyewe kinawashinda kukiandika, leo unawaongezea michoro?” Swali la haki. Lakini wanafunzi wetu ni viziwi, na Kiswahili ni lugha yao ya pili. Ya kwanza ni lugha ya alama, na hiyo hawajawahi kuiona kwenye karatasi.

Michoro ile ni SignWriting, mfumo wa kuandika lugha ya alama. Aliubuni Valerie Sutton, Mmarekani aliyekuwa akiandika miondoko ya dansi. Mwaka 1974, akiwa Denmark, akaugeuza kwa ajili ya alama. Mkono ukichorwa mweupe, unaona kiganja chako. Mweusi, unaona mgongo wa mkono. Mishale ni mwendo. Duara ni uso, na hapo ndipo ninapokaa muda mrefu, maana nyusi zikipanda, sentensi imeshakuwa swali.

Mwalimu wa hesabu alisema video zinatosha. Video nazipenda, ila mtoto hawezi kuisahihisha kwa kalamu, wala kupigia mstari alama asiyoielewa.

Nimeomba kipindi kimoja kwa wiki, darasa la tatu. Mwalimu mkuu akauliza nani atasahihisha madaftari. Nimemwambia ni mimi, pamoja na mwalimu wetu ambaye ni kiziwi.