Ishirini na Tatu

Wapendwa katika Bwana, juma hili nimeshindana na uchungu ambao niliona haya hata kuuombea. Mama mkwe wangu hajainuka kitandani tangu Januari, nami ndiye ninayemgeuza, kumwogesha na kukesha naye. Jumapili, tulipokusanyika kwa maombi ya familia, shemeji yangu alishukuriwa kwa jina kwa ajili ya fedha alizotuma, na mimi sikutajwa. Siku tatu nzima nilifua shuka za mgonjwa huku moyo ukinung'unika.

Nikiwa katika hali hiyo nilirudia riwaya ya Charles Dickens ya mwaka 1859, ile ya miji miwili, London na Paris, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Hadithi zimejaa mashujaa wa upanga, lakini aliyenishika ni Sydney Carton, wakili mlevi aliyeuchezea ujana wake, anayempenda Lucie bila tumaini lolote. Charles Darnay, mume wa Lucie, anapohukumiwa kufa, Carton, ambaye amefanana naye sana kwa sura, anaingia gerezani, anamlaza kwa dawa, anabadilishana naye mavazi, kisha anabaki kuingoja gilotini, mashine ya kukata vichwa, huku mwenzake akibebwa nje bila fahamu. Kabla ya hapo alikuwa amezunguka mitaa ya Paris usiku, na maneno yaliyosomwa kwenye kaburi la baba yake yakimrudia: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima."

Yohana 15:13, kwamba hakuna upendo mwingi kuliko wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, tunaijua sote kwa moyo, na mara nyingi tunaishia kwenye neno "uhai". Kilichonichoma mimi ni kwamba Carton alilitoa hata jina lake. Anakufa akiitwa kwa jina la mwingine, mbele ya umati unaomchukia huyo mwingine, na wanawake wanaofuma huku wakihesabu vichwa hawamjui ila kwa hesabu: ishirini na tatu. Anayemtambua ni binti mmoja tu, mshonaji maskini aliyehukumiwa siku hiyo hiyo, ambaye anamwomba amruhusu kuushika mkono wake. Naye Carton, aliyebakiwa na dakika chache za kuishi, anamgeuza binti yule asiitazame mashine, akimfariji mpaka zamu yake ifike, ya ishirini na mbili.

Ndugu zangu, ni nani kati yetu angelikubali hilo? Tunatoa mabati ya kanisa na kungoja majina yasomwe. Tunamlipia yatima ada, kisha tunampiga picha akipokea. Bwana aliagiza mkono wa kushoto usijue yatendwayo na wa kuume, nasi tunaona tumedhulumiwa kanisa zima lisipojua. Ninasema nikijikemea mwenyewe kwanza, kwa maana nilitaka kuteseka na kusifiwa kwa wakati mmoja, nikasahau kwamba Mwokozi wangu alihesabiwa pamoja na wakosaji, akaingia katika hesabu isiyokuwa yake kwa ajili yangu, na walioipita njia ile walimtukana huku wakitikisa vichwa. Dada unayeuguza, kaka unayesomesha wadogo zako kimyakimya, Baba aonaye sirini anakuona; usiiache kazi hiyo.

Leo alfajiri nilipomgeuza mama, alinishika mkono akaniita kwa jina la binti yake aliyekwisha kufa. Nikaitika.